Mbuzi Waliopanguswa Pua

Rwamba alikuwa amemwambia mumewe mara tatu, na mara ya tatu alimwambia mbele ya watu ili asije akadai hakusikia: mbuzi wa mahari wakifika, wasiingie bandani. Wafungwe kule chini karibu na kahawa, kwenye kibanda cha zamani cha ndama, wakae peke yao wiki tatu. Kisha Ijumaa akashuka Embu mjini kufuata viti na sufuria za kukodi, akalala kwa dada yake Majimbo. Aliporudi Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, amekaa mbele ya pikap iliyojaa viti vya plastiki, kitu cha kwanza alichosikia baada ya dereva kuzima injini kilikuwa kikohozi.

Kilitoka bandani. Kimoja, viwili, vitatu, vya majimaji, kama vya mzee wa sigara.

Rwamba alikuwa afisa wa mifugo kwa miaka kumi na tisa. Mbuzi akikohoa mara moja amepaliwa na vumbi la nyasi. Akikohoa mara tatu mfululizo kwa sauti ile, hiyo ni kazi. Na mbuzi wake yeye, wa maziwa, aliowalea kama mayai, hawakuwa na kikohozi alipoondoka.

Langoni alisimama Mama Gitari, jirani wa upande wa mto, ameshika kamba ya mbuzi jike aliyekuwa akitingisha mkia na kulia bila haya.

"Daktari, shikamoo ya haraka haraka. Huyu ameanza joto jana usiku, anataka beberu. Najua leo mna wageni, lakini joto halijui kalenda."

"Marahaba. Ngoja hapo hapo nje. Usimwingize."

"Nitangoja wapi, na mimi nina ugali kwa moto?"

"Hapo hapo nje, Mama Gitari."

Watu walimfuata Rwamba kwa sababu ya beberu aliyeitwa Meja. Alikuwa mali ya kikundi cha kina mama, lakini alikaa kwa Rwamba, kwa kuwa Rwamba ndiye aliyejua kumtunza. Kila nyumba ya mgongo ule, juu ya Runyenjes, iliyokuwa na mbuzi wa maziwa ilimleta kwa Meja. Jambo hilo lilikuwa zuri kwa maziwa na kwa ada za shule. Lilikuwa pia na ubaya mmoja ambao Rwamba aliukariri katika kila mkutano mpaka wanawake wakawa wanamwiga nyuma ya mgongo wake: ugonjwa ukiingia hapa, umeingia kwetu sote.

Alivaa koti la kazi juu ya kitenge kipya, akavaa gambuti, akatoa tochi mfukoni.

Ilikuwa tochi ndogo kama kalamu, ya chuma, yenye kishikizo cha kuibana mfukoni na betri mbili nyembamba kama za rimoti. Aliwahi kuwa na nyingine ya plastiki, yenye mwanga mweupe wa kibuluu, akaitupa chooni. Chini ya mwanga ule kila ufizi ulionekana umepauka, na siku moja nusura atibu upungufu wa damu ambao haukuwepo. Hii ya sasa ilitoa mwanga wa manjano kidogo, kama jua la saa tatu, na chini yake nyekundu ilikuwa nyekundu. Katikati aliizungushia plasta kwa sababu aliishika kwa meno. Mikono yote miwili ya mtu wa mifugo huwa na kazi. Alikwenda nayo kanisani, sokoni na hospitalini kumjulia mgonjwa hali. Fundi wake wa nguo hakuuliza tena: mfuko wa tochi, upande wa kulia. Hata gauni la leo, la mama anayepokea mahari ya binti yake wa pekee, Wanjugu, lilikuwa na mfuko huo, na jana usiku dada yake alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Bandani mlikuwa na giza hata mchana. Paa lilikuwa chini, ukuta wa mabanzi, sakafu ya mbao imeinuliwa juu ya nguzo ili mavi yaanguke chini. Rwamba alipanda ngazi, akasimama mpaka macho yakazoea, akahesabu. Wanne wake. Meja katika chumba chake. Na wageni sita, wadogo, wekundu na weusi, mbuzi wa kule chini kwenye ukame, wamelala kwenye majani ya wenyeji na kunywa kwenye karai la wenyeji.

Hakuhitaji kuuliza kwa nini. Alijua kwa nini, na kujua kwenyewe kulimchemsha damu. Kwa watu wa ukoo wa mumewe, mbuzi wa mahari akilala peke yake bado yuko njiani. Hajapokelewa, na msichana naye bado hajachumbiwa. Akilala na mbuzi wa boma, amepokelewa. Baada ya hapo kumtoa ni kumrudisha, na kumrudisha ni kumwambia kijana aende akatafute kwingine. Kwa hiyo Nyaga, mume wake, mzee wa kanisa, mtu aliyeambiwa mara tatu, alikuwa amewafungulia mlango na kuwalaza pamoja kama watoto wa kipaimara.

Alimshika wa kwanza, mweusi, akambana kwa magoti. Tochi kwenye meno. Macho yalikuwa mekundu na yenye matongo. Akashusha mwanga kwenye pua, hapo akasita.

Pua ilikuwa safi.

Ilikuwa safi kupita kiasi. Mbuzi aliyelala na wenzake kumi hana pua safi asubuhi. Ana vumbi, ana majani, ana mate ya jirani. Rwamba akainua kichwa cha mbuzi na kuelekeza mwanga ndani ya tundu la pua. Ndani kulijaa kamasi nzito ya manjano, nyingine imekauka ikawa ukoko. Nje pamefagiwa, ndani mmejaa. Akamshika wa pili, hali ile ile. Wa tatu, kwenye ndevu zake fupi, palinasa uzi wa buluu. Rwamba aliutoa kwa kucha, akautazama chini ya mwanga. Ulikuwa uzi wa taulo lao la bafuni.

Alifunua mdomo wa chini wa mbuzi huyo kwa kidole gumba. Harufu ilimpiga kabla hajaona. Ufizi ulikuwa na vidonda, na juu ya vidonda utando wa kijivu kama pumba iliyolowa. Chini ya ulimi, hivyo hivyo. Ndani ya shavu, hivyo hivyo. Kipimajoto kilisoma karibu nyuzi arobaini na moja. Wawili walikuwa wameanza kuhara.

Sotoka ya mbuzi. Maabara itasema la mwisho, lakini yeye alikuwa ameiona kule chini miaka miwili iliyopita, mbuzi wakianguka boma kwa boma, na hakuhitaji maabara kumwambia afunge mlango. Chanjo ilikuwa imetolewa huko huko chini. Huku juu hakuna aliyeikumbuka.

Akamgeukia Meja. Beberu alikuwa amepitisha kichwa kati ya mabanzi, anamlamba mgeni uso kwa upendo mkubwa. Kinywa chake kilikuwa chekundu na safi. Leo. Ugonjwa huu huchukua siku nne, tano, sita kujionyesha.

Rwamba alizima tochi. Hakulia, hakuwa mtu wa kulia bandani. Alisukuma kichwa cha Meja ndani, akapigilia ubao mahali pale kwa misumari minne, na kila msumari aliupiga zaidi ya ulivyohitaji.

Nyaga alikuwa chini ya hema akipanga viti, amevaa suti ya kahawia.

"Baba Wanjugu, njoo."

"Wageni wameshafika Runyenjes. Wamepiga simu."

"Njoo, au niseme hapa mbele ya wapishi."

Alikuja. Walisimama nyuma ya tangi la maji. Rwamba akanyoosha kiganja chenye uzi wa buluu.

"Hii ni nini?"

Nyaga aliutazama. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomfanya achaguliwe mzee wa kanisa, na upole huo huo mara nyingi ulimtoroshea Rwamba usingizi.

"Walikuwa na mafua," alisema. "Wametoka kwenye joto, wamekuta baridi yetu. Nikaona si vizuri wazee wakija kuwaona na kamasi."

"Uliona saa ngapi?"

"Jana jioni, walipoteremshwa."

"Ukawaona wanaumwa, ukawaingiza."

"Mama Wanjugu, ningefanya nini? Mzee Njagi wao alisimama pale na watu wake watatu. Niwaambie mbuzi wenu walale kahawani kama mbwa? Wangewarudisha hapo hapo kwenye gari. Na mtoto je?"

"Kwa hiyo ukachukua taulo."

Nyaga alipiga hatua kurudi kwenye viti.

"Nimekuuliza. Ukachukua taulo?"

"Nilichukua."

"Mimi nikiona mtu asiyejua, namfundisha. Hiyo ndiyo kazi yangu, nalipwa kwa hiyo. Mtu asiyejua hapangusi. Wewe ulijua. Ulijua ndiyo maana ukapangusa."

"Nilijua ni mafua."

"Mafua hayafichwi."

Kutoka langoni sauti ya Mama Gitari ikapaa, haikuwa na subira tena. "Daktari, kama kuna ubaguzi niambiwe. Karwirwa jana jioni mbuzi wake alipandwa hapa hapa, na Mzee Nyaga mwenyewe ndiye aliyefungua. Mimi tangu asubuhi naambiwa ngoja nje."

Rwamba alimtazama mumewe.

"Baada ya wageni kuingia au kabla?"

Nyaga alirekebisha tai. "Baada kidogo."

"Na akarudi kwake."

"Akarudi."

Rwamba alikwenda langoni, akamwambia Mama Gitari ukweli wote kwa sentensi nne, kwa sababu sentensi ya tano ingekuwa tusi. Mama Gitari alisikiliza, akarudi nyuma hatua tatu akimvuta mbuzi wake, kisha akainama na kumtazama mbuzi mdomoni kana kwamba angeona kitu.

"Kwa hiyo kama ningekuja jana," alisema.

"Ndiyo."

"Na huku nakutukana kimoyomoyo."

"Endelea tu, lakini nyumbani. Mfunge, asile kando ya barabara, na usikanyage kwa Karwirwa mpaka nikwambie."

Rwamba alipiga simu ofisini. Mkubwa wake alishika mara ya tatu, akasikiliza, akasema: "Funga. Mbuzi asitoke, asiingie. Jioni nakuja kuchukua sampuli na kuleta karatasi." Halafu akaongeza, "Lakini leo si ndio siku ya binti yako?" Rwamba akamwambia anaijua tarehe, akakata.

Akafunga lango kwa kamba. Akamwaga dawa ya kuua viini ndani ya karai pana, akatandika gunia ndani yake, akaliweka mbele ya lango. Akasimama nyuma yake na gambuti zake na koti lake la kazi, kitenge kikichungulia chini.

Hapo ndipo wageni walipofika.

Sasa, kila mtu anajua kwamba siku kama hiyo wageni hukuta lango limefungwa. Ni mchezo. Wenyeji hujifanya hawawajui, wageni huimba mpaka wafunguliwe. Kwa hiyo watu wa Siakago, upande wa kijana, walipoona kamba walifurahi. Wanawake wao walishusha vikapu, wakaanza kuimba kwamba wametoka mbali, wamefuata ua lililochanua juu ya mlima. Rwamba akainua mkono. Wakaimba zaidi. Akasema, "Subirini." Wakaimba kwamba mama mwenye nyumba ni mkali lakini moyo wake ni asali. Mmoja akaonyesha gambuti zake akapiga vigelegele, akidhani ni sehemu ya maigizo.

Ilichukua wimbo wa tatu ndipo uso wa Rwamba ukawafikia.

Mzee Njagi, mjomba wa bwana harusi na msemaji wao, alisogea mbele. Alikuwa na kofia ya manyoya na fimbo aliyoibeba bila kuihitaji. "Mama, tumeimba mpaka koo zimekauka. Fungua, tunywe hata maji."

"Karibuni, mzee. Nitafungua. Lakini kila mtu akanyage hili karai akiingia, na akanyage tena akitoka. Mbuzi mliotuletea wana sotoka."

"Wana nini?"

"Sotoka. Vinywa vimeoza, wana homa, wawili wanahara."

Njagi aliwageukia wenzake, akatabasamu kama mtu aliyepewa mpira mbele ya goli tupu. "Mmesikia? Mbuzi wa mahari wamepimwa homa. Sisi kwetu tunahesabu miguu. Ikifika minne, tunanyamaza."

Watu wakacheka. Mzee mwingine nyuma akasema, "Daktari, na sisi utatumulika meno?"

"Wewe sihitaji tochi kukuona," Rwamba alisema. "Mzee Njagi, njoo uangalie mwenyewe. Hatua ishirini tu. Tochi hii hapa."

"Mimi nisimame bandani na mwanamke anifundishe mbuzi? Nimechunga mbuzi kabla hujazaliwa."

"Basi ulikuwa mchungaji mbaya, kwa sababu hawa hawakuugua jana. Wana siku kadhaa."

Kicheko kilikatika. Nyuma ya Rwamba, wazee wa upande wa Nyaga walikuwa wameanza kukusanyika, na kati yao Nyaga mwenyewe, akitazama chini kama mtu anayetafuta sarafu. Ni kijana Kivuti, bwana harusi, karani mwembamba mwenye shati jeupe, aliyepenya kati ya wajomba zake na kukanyaga karai bila kuambiwa. Viatu vyake vipya vililowa. Alipokea tochi, akapanda bandani peke yake. Watu wote walingoja. Aliporudi alikuwa ameishika tochi mbali na mwili, kama kitu kilichomng'ata.

"Mama," alisema, "wa sita alikufa."

"Wa sita yupi? Nimehesabu sita."

"Huyo ni mwingine. Wa sita wa kwanza alikufa Alhamisi nyumbani kwetu. Tuliwanunua wote mnada mmoja. Mjomba akasema ni uchovu wa safari, akaleta mwingine."

"Wewe kijana," Njagi alisema, "nani amekuuliza?"

"Mimi," alisema Rwamba. "Mlimfanya nini aliyekufa?"

Kivuti alimrudishia tochi. "Mbwa walimla."

"Piga simu kwenu sasa hivi. Waambie wafunge mbuzi wote wa boma, wasiende malishoni, wasiende kisimani. Ofisi ya kule itawafikia. Sasa hivi, usingoje nimalize kusema."

Kijana alitoa simu akaenda kando. Njagi aligonga fimbo chini. Hasira yake ilikuwa imefika, na ilikuwa ya mtu aliyefumaniwa, ambayo ndiyo huwa na kelele zaidi.

"Basi. Kama mbuzi wetu hawatoshi, watoeni. Tutarudi nao Siakago. Kuna mabinti wengine ambao mama zao hawatembei na tochi."

Mlango wa nyumba kubwa ulikuwa wazi, na Wanjugu alisimama pale na nywele zake zilizosukwa siku mbili. Alikuwa amesikia yote. Wanawake waliacha hata kuinua vikapu.

"Hakuna mbuzi anayetoka hapa," Rwamba alisema. "Si leo, si kesho. Boma hili liko chini ya karantini. Hao mbuzi sita ni wa hapa mpaka wapone au wafe, na wakifa watazikwa hapa, shimo refu, na chokaa. Ukitaka kuwachukua, mzee, utapita kwanza kwa polisi."

Halafu Mzee Kathuri, kaka mkubwa wa Nyaga, ambaye alikuwa hajasema neno tangu asubuhi, akakohoa kidogo.

"Njagi, umesikia vizuri? Wamepokelewa. Tena wamepokelewa kwa amri ya serikali. Mimi katika maisha yangu sijaona mahari iliyopokelewa hivyo."

Wazee wa pande zote mbili wakacheka, wa kwanza kwa wasiwasi, wengine kwa nafuu. Njagi alibaki ameshika fimbo. Kisha, kwa kuwa hakukuwa na njia ya kurudisha mbuzi na hakukuwa na njia ya kubaki barabarani, alikanyaga karai. Wanawake wakamfuata mmoja mmoja, wakiinua sketi, na yule aliyepiga vigelegele akapiga tena, safari hii kwa sauti ndogo.

Rwamba hakucheka. Kicheko kile kilimkera kuliko fimbo. Dakika tano tu, na wanaume walikuwa wamegeuza jambo lenyewe kuwa hadithi nzuri ya kusimulia, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu Karwirwa.

Akaenda kuvua gambuti. Alizisugua kwa brashi na dawa, nyayo na juu, akavua koti la kazi na kuliacha bandani, akaosha mikono hadi viwiko, akachukua jozi mbili za gambuti safi, zake na za Nyaga. Wanjugu alimkuta bombani.

"Mama, hata leo?"

"Hata leo."

"Ungengoja wageni wamalize kula. Saa mbili tu. Baadaye ungesema unavyotaka."

"Mbuzi wa Karwirwa wanakula sasa hivi kando ya barabara, na wa watu wengine."

"Sisemi usiende." Wanjugu alifunga bomba. "Nasema kila kitu changu, tangu nikiwa mdogo, lazima kwanza upite bandani. Siku ya matokeo yangu ulikuwa kwa ng'ombe wa mtu. Leo umesimama langoni kwangu na gambuti."

Rwamba alimtazama binti yake. Kulikuwa na jibu, na lilikuwa kweli, kwamba ng'ombe wa watu ndio waliolipa ile shule ya matokeo. Hakulisema.

"Ndiyo," alisema. "Hasira yako ni ya haki. Shangazi yako atakaa kwenye kiti changu."

"Na Baba?"

"Baba yako anakuja na mimi."

"Mama. Baba hawezi kutoka. Yeye ndiye anayepokea."

"Kathuri atapokea. Baba yako alipata muda wa kupangusa pua sita. Nusu saa ya kutembea ataipata."

Nyaga alikuwa ameshakaa mbele, katikati ya wazee, sahani ya maharagwe meusi ya njahi magotini. Rwamba hakumwita kwa sauti. Aliweka gambuti mbele ya miguu yake na kusimama. Nyaga alitazama gambuti, akamtazama Kathuri, na Kathuri akaikunja midomo na kuichukua ile sahani kutoka mikononi mwake. Nyaga akavua viatu vya kanisani, akavaa.

Walitembea, yeye mbele, mumewe nyuma. Kwa Karwirwa palikuwa chini, baada ya kisima cha shule. Mara moja Nyaga alisema, "Nitasema nini?" Rwamba akasema, "Ulichofanya."

Karwirwa alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye ulimi. Mbuzi wake watatu, jike mkubwa na vijana wake wawili, walikuwa bado ndani. Alikuwa akijiandaa kuwatoa. Maziwa ya yule mkubwa yalikuwa yanamlea mjukuu aliyeachiwa na binti yake. Alipoona suti ya kahawia alicheka.

"Jamani, mmekuja wawili kunialika? Si mngetuma mtoto. Nilikuwa nakuja hata bila kualikwa."

"Usifungue lango, Karwirwa," Rwamba alisema. "Baba Wanjugu ana neno."

Halafu akasogea kando. Nyaga alimgeukia, akamwomba kwa macho. Rwamba alikuwa amemsaidia mtu huyu maneno kwa miaka ishirini na sita: kwenye mazishi, kwenye harambee, mbele ya mchungaji. Leo alitazama ua wa minyaa.

"Jana," Nyaga alianza. "Jana jioni ulipokuja kwa Meja. Walikuwepo mbuzi wa wageni."

"Niliwaona. Wadogo wadogo."

"Wanaumwa. Sotoka, anasema Mama Wanjugu. Inaua."

Karwirwa alishika mti wa lango. "Wameanza lini?"

"Waliletwa nao."

"Wewe ulijua wakati ule ulipoinua ubao nipitishe wangu?"

Barabarani baiskeli ilipita, Nyaga akaifuata kwa macho.

"Walikuwa na kamasi," alisema. "Nilikuwa nimewapangusa."

"Kabla sijaja."

"Kabla hujaja."

"Kwa hiyo nilipokuuliza mbona huyu mweusi macho mekundu, ukaniambia ni moshi wa jikoni."

Hili Rwamba hakuwa amelijua. Alifumba macho kwa muda mfupi. Alipoyafumbua Nyaga alikuwa bado amesimama, mikono imening'inia.

"Nilikuambia hivyo," alisema.

Karwirwa hakumtukana, jambo ambalo lingekuwa rahisi kwa wote. Alimgeukia Rwamba. "Watakufa?"

"Sijui. Niruhusu niwaangalie." Aliingia peke yake, akamwangalia kila mmoja macho, pua, ufizi, chini ya ulimi. Pote palikuwa pekundu, safi. "Leo hawana kitu. Haimaanishi hawatapata. Nitakuja kila asubuhi. Chanjo nikiipata nitaileta. Wasitoke hata hatua moja, na maziwa uchemshe kama kawaida. Mtoto hawezi kuugua ugonjwa huu. Ukiona kamasi, hata tone, usipanguse. Niite."

"Na watakula nini ndani? Mimi miguu hii haifiki mtoni kukata nyasi. Ndiyo maana huwa nawatoa."

"Atakata Baba Wanjugu," Rwamba alisema. "Asubuhi na jioni, mpaka nifungue. Ataziacha hapa langoni, hataingia."

Karwirwa alikwenda jikoni, akarudi na panga na kamba. Akavipitisha juu ya lango, akampa Nyaga vyote viwili mkononi.

"Nyasi zangu za nepia ziko pale chini kwenye maji. Usikate za Mama Gitari, ni mkali. Na ukate ndefu. Hawa tangu asubuhi hawajala."

Kutoka juu, kwao, watu waliimba. Wimbo wa kupokea ulikuwa umeanza bila wao. Nyaga aligeuza kichwa upande ule na kusikiliza, panga mkononi.

"Mama Wanjugu," alisema, "wanapokea."

"Nasikia. Vua koti."